Umaskini wa Filamu na Uchafu wa Nakala

Katika filamu ya Detour, iliyotolewa Hollywood mwaka 1945, zipo picha chache za mhusika mkuu, Al Roberts, akiwa kando ya barabara anaomba lifti. Mtazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuzipita bila kushtuka, kwa sababu magari yanapita kushoto na dereva ameketi kulia, kama alivyozoea kuona kila siku. Lakini hapa ni Marekani, ambako magari hupita kulia. Picha hizo zimegeuzwa. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mwongozaji, Edgar G. Ulmer, alitaka safari ya kutoka New York kwenda Los Angeles ionekane ikielekea magharibi, yaani kutoka kulia kwenda kushoto mwa skrini kama ilivyo kwenye ramani, na badala ya kurudi barabarani kupiga upya akaigeuza negativu. Kwa kompyuta za leo, kuzirudisha picha hizo katika hali ya kawaida ni kazi ya dakika chache. Wataalamu walioirejesha filamu hii waliziacha zilivyo, na walifanya sawa. Kazi ya urejeshaji ni kuondoa kile ambacho miaka na watu wa baadaye wameiongezea filamu. Umaskini wa waliotengeneza ni sehemu ya filamu yenyewe, nao haupaswi kuguswa.

Umaskini huo haukuwa siri. Detour ilitengenezwa na PRC, mojawapo ya kampuni ndogo kabisa za Hollywood, na ina urefu usiofika dakika 70. Al ni mpiga kinanda anayemfuata mchumba wake Los Angeles. Mtu aliyempa lifti anamfia njiani, naye kwa hofu anachukua gari, fedha na jina la marehemu, kisha anampa lifti Vera, mwanamke anayemjua mwenye gari hilo. Mtaa wa New York umejazwa ukungu kiasi kwamba huoni jengo, na bila shaka ukungu ulikuwa nafuu kuliko majengo. Ulmer mwenyewe alipenda kusimulia kwamba aliimaliza kwa siku 6. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za uzalishaji wamegundua kwamba siku zilikuwa zaidi ya hizo, lakini simulizi la siku 6 ndilo lililoenea, na nadhani hali mbaya ya nakala zilizokuwa zikionyeshwa ililisaidia kuaminika.

Nakala hizo zilichakaa kwa sababu ya sheria na vilevile ya fizikia. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya wakati ule ililinda kazi kwa miaka 28, kisha mwenye nayo alitakiwa kuomba upya. PRC ilikuwa imeshamezwa na kampuni nyingine tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na hakuna aliyeomba. Detour ikawa mali ya umma: vituo vya televisheni viliionyesha, wauza kanda wakainakili, na kila mmoja alinakili kutoka nakala aliyoikuta. Anayejua sura yake inavyokuwa baada ya fotokopi ya kitambulisho kutolewa fotokopi mara ya tatu anajua kilichotokea. Rangi za kijivu zilizo kati ya nyeupe na nyeusi ndizo hufa kwanza. Uso unakuwa doa jeupe, koti linakuwa shimo jeusi, na sauti inazama katika mchakacho. Watazamaji wa vizazi viwili waliiona filamu hiyo iliyofifia wakadhani wanaona bajeti ndogo.

Hata hivyo iliheshimiwa. Mwaka 1992 iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu inayosimamiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Kilichokosekana ni chanzo kizuri. Hatimaye kilipatikana Brussels, katika hifadhi ya filamu ya Ubelgiji, kikiwa na dosari moja kubwa: tafsiri za Kifaransa na Kiholanzi zilikuwa zimechomwa chini ya picha. Hifadhi ya filamu ya Academy, taasisi ya tuzo za Oscar, kwa kushirikiana na shirika la The Film Foundation na hifadhi nyingine, zikiwemo za New York na Paris, iliskani kwa ubora wa 4K, ikayafuta maandishi hayo kwa kompyuta, na mwaka 2019 kampuni ya Criterion ikatoa diski ya Blu-ray ya kutazamia nyumbani.

Wapo wanaosema uchafu uliifaa. Hadithi hii ni ya watu waliokwama, moteli duni na barabara isiyokwisha. Mikwaruzo, wanasema, ilikuwa kama vazi lake. Naielewa hisia hiyo, ila ushahidi wa macho unaikataa. Tazama mwanzo, Al akiwa mkahawani mbele ya kikombe. Kamera inamsogelea, taa za mkahawa zinafifia, na unabaki mchirizi wa mwanga machoni pake, huku kikombe kilicho mbele kikionekana kikubwa kupita kawaida. Huo ni uamuzi wa Ulmer na mpiga picha Benjamin H. Kline, uliopangwa kwa uangalifu na gharama ndogo. Katika nakala mbovu, giza la Kline na giza la kunakili lilikuwa moja, na ustadi wake ukapotea ndani ya uzembe wa wengine. Anayesifu uchafu anamsifu mwenye mashine ya kunakilia.

Pingamizi zito zaidi linahusu yale maandishi ya tafsiri yaliyofutwa. Kufuta vumbi ni rahisi kutetea: punje ya vumbi huonekana kwenye fremu moja kati ya 24 za kila sekunde, hivyo programu huazima kipande safi kutoka fremu iliyotangulia au inayofuata. Maandishi hukaa palepale kwa sekunde kadhaa, na nyuma yake kuna kola ya shati au usukani usiopatikana katika fremu jirani. Lazima kipande kitoke kwenye nakala nyingine, au kijazwe kwa kukisia. Je, huko si kutunga? Kwa kiasi, ndiyo, na mrejeshaji mwaminifu hukiri hivyo. Lakini kuyaacha ni kuhifadhi kitu ambacho Ulmer hakukiweka, kilichoongezwa kwa ajili ya kumbi za sinema za Ubelgiji. Kati ya makosa mawili, dogo ni lile linalofanywa kwa uwazi na kuandikwa.

Hatari ya kweli iko upande wa pili, kwenye usafi uliopitiliza. Picha ya filamu imejengwa kwa chembechembe; ukizifuta ukidhani ni uchafu, ngozi ya Ann Savage, aliyecheza Vera kwa ukali usiosahaulika, itakuwa kama nta. Mandhari ya barabara inayopita nyuma ya gari lililosimama studio, ambayo kila mtu anaiona kuwa bandia, nayo ibaki bandia.

Kwa hiyo, ukinunua diski ya filamu ya zamani, soma kijitabu chake kabla ya kuiweka mashineni. Kinapaswa kutaja ni nakala zipi zilizotumika, zilitoka hifadhi gani na nini kimebadilishwa. Kisipotaja, hujauziwa filamu iliyorejeshwa. Umeuziwa nakala nyingine tu.