Mapigo Yanayolinda Figo Nje ya Mwili

Figo inapotolewa katika mwili wa mchangiaji, damu hukoma kupita ndani yake, na seli zake, ambazo bado zinahitaji oksijeni na virutubisho, humaliza akiba ndogo ya nishati iliyobaki na kuanza kujeruhika. Njia iliyozoeleka ya kuchelewesha madhara hayo ni kuisafisha figo kwa umajimaji maalumu na kuihifadhi kwenye barafu, kwa kuwa katika nyuzijoto 4 hivi za Selsiasi shughuli za kikemia za seli hupungua mno. Hata hivyo, baridi hupunguza tu kasi ya uharibifu, wala haiukomeshi, na ndiyo maana wanasayansi wametafuta namna ya kukirudishia kiungo kile kilichokipoteza, yaani mwendo ndani ya mishipa yake.

Namna hiyo huitwa pefyusheni ya mapigo, ambayo ni kupitisha umajimaji katika mishipa ya kiungo kwa msukumo unaopanda na kushuka kama ule wa moyo. Mwaka 1935 Alexis Carrel, daktari Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kazi yake ya kushona mishipa ya damu, alishirikiana na rubani Charles Lindbergh katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York kutangaza pampu ya kioo iliyoweza kulisha viungo vya wanyama bila kuingiza bakteria, adui aliyekuwa ameyashinda majaribio mengi ya awali. Miongo mitatu baadaye, mwaka 1967, daktari wa upasuaji Folkert Belzer na wenzake jijini San Francisco walihifadhi figo za mbwa kwa saa 72 kwa pampu ya mapigo na umajimaji baridi uliotokana na plazma, kisha wakaitumia njia hiyo kwa figo za binadamu. Umajimaji wa Geoffrey Collins wa kuhifadhi figo kwa baridi bila pampu ulipotangazwa mwaka 1969, sanduku la barafu, lililokuwa rahisi kubeba na lisilo na gharama kubwa, lilizisukuma mashine pembeni kwa muda mrefu.

Faida ya mwendo huo haiishii katika kufikisha virutubisho na kuondoa taka. Ukuta wa ndani wa mshipa umetandazwa utando wa seli zinazohisi mkwaruzo wa umajimaji unaopita, na zinapouhisi hutoa nitriki oksidi, kemikali inayolegeza mshipa na kuzuia damu isigande. Zaidi ya hayo, mashine hupima ukinzani wa mishipa dhidi ya umajimaji, hivyo daktari hupata dalili ya hali ya figo kabla ya kuipandikiza, jambo ambalo barafu haiwezi kulitoa.

Ushahidi mzito ulitolewa mwaka 2009 na watafiti wa Ulaya waliochunguza wachangiaji 336 waliofariki, ambapo figo moja ya kila mchangiaji iliwekwa kwenye mashine ya mapigo na ya pili kwenye barafu, ili tofauti za umri na afya ya wachangiaji zisipotoshe matokeo. Figo zilizochelewa kufanya kazi, kiasi cha mpokeaji kuhitaji kusafishwa damu katika wiki ya kwanza, zilikuwa asilimia 20.8 kwa mashine na asilimia 26.5 kwa barafu, na baada ya mwaka mmoja figo zilizokuwa bado zikifanya kazi zilikuwa asilimia 94 dhidi ya 90.

Suala la mapigo linawahusu pia wagonjwa ambao moyo wao umedhoofika. Pampu nyingi za kisasa zinazousaidia moyo husukuma damu mfululizo, na ingawa zimeokoa maisha ya wengi, baadhi ya wagonjwa hutokwa na damu tumboni, tatizo linalohusishwa na kupungua kwa mapigo na pia na kuharibiwa kwa protini inayosaidia damu kuganda. Kwa hiyo watafiti bado wanajadili ni kiasi gani cha manufaa kinatokana na pigo lenyewe na kiasi gani kinatokana na mtiririko wowote ule.

Nchini Tanzania, ambako Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, wachangiaji wamekuwa watu walio hai, na kwa kuwa mchangiaji na mpokeaji huwa katika hospitali moja, figo hukaa nje ya mwili kwa muda mfupi. Siku figo za marehemu zitakapoanza kusafirishwa kutoka mji hadi mji, uamuzi wa kununua mashine hizi utastahili kupimwa kwa hesabu ya wagonjwa watakaoepushwa kurudi kusafishwa damu, na si kwa bei ya pampu peke yake.