Usaili wa waandishi wa programu upime kazi, si ujasiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu usaili wanaofanyiwa vijana wanaoomba kazi ya kuandika programu za kompyuta.

Katika makampuni mengi ya Marekani, na sasa hata kwingineko, mwombaji husimamishwa mbele ya ubao, akapewa fumbo la hesabu za kompyuta na kutakiwa alitatue papo hapo huku akieleza kwa sauti anachofikiri. Haruhusiwi kufungua kitabu wala intaneti. Msaili amekaa pembeni, anamkodolea macho na saa inakwenda. Vijana wetu wanaotafuta kazi za nje kwa njia ya mtandao nao hukutana na mtihani wa namna hiyo hiyo.

Swali langu ni hili: je, huo ndio utendaji wa kazi yenyewe? Mwandishi wa programu kazini hukaa, husoma, huuliza wenzake, hujaribu, hukosea na kusahihisha. Hakuna anayemsimamisha ubaoni.

Matokeo yake tumeyaona. Max Howell ndiye aliyeanzisha Homebrew, programu inayotumiwa sana kuweka programu nyingine katika kompyuta za Mac. Mwaka 2015 alieleza hadharani kwamba kampuni ya Google ilimkataa kwa sababu alishindwa kugeuza ubaoni "mti" wa data, yaani kubadilisha matawi ya kushoto yawe ya kulia. Kwa maelezo yake, wahandisi wengi wa kampuni hiyo hiyo walikuwa wakiitumia programu yake. Kazi ya mikono yake ilikubalika, mwenyewe akakataliwa!

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State pamoja na kampuni ya Microsoft waliwapima wanafunzi 48 wa kompyuta. Wengine walifanya mtihani ubaoni wakitazamwa, wengine walifanya wakiwa peke yao chumbani. Waliotazamwa walifanya vibaya mno, uwezo wao ukashuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake waliotazamwa hawakupata hata mmoja aliyefaulu, lakini waliofanya peke yao walifaulu wote. Ingawa idadi ya wanawake hao ilikuwa ndogo, hilo ni onyo. Mtihani huo unapima nani haogopi macho ya watu, kisha tunasema wanawake hawaiwezi kazi hii. Hiyo si haki.

Waajiri wanajitetea kwamba waombaji ni wengi, na wengine huleta kazi za watu wakidai ni zao. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini fundi seremala tunamjaribu kwa kumpa ubao na randa, hatumtegi kwa mafumbo. Tatizo ni kwamba wasaili wengi wenyewe waliingia kazini kwa mlango huo huo wa mafumbo, na mwamba ngoma huvutia kwake.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo. Kwanza, mwombaji apewe kipande cha programu chenye kasoro, akirekebishe akiwa ametulia, vitabu na intaneti vikiwa wazi kama ilivyo kazini. Pili, baadaye aketi na msaili aeleze kwa nini alifanya hivi na si vile. Hapo aliyefanyiwa kazi na mwingine atajulikana mara moja. Tatu, maswali na alama viandikwe mapema na viwe sawa kwa waombaji wote. Nne, kama kazi ya majaribio inachukua siku nzima, mwombaji alipwe, kwani naye anakula.

Mashirika na makampuni yetu bado yana nafasi ya kuchagua utaratibu ulio bora. Tusiige mtihani wa wengine pamoja na makosa yake, halafu tukabaki tunalalamika kwamba wataalamu hawapatikani.

Msomaji wako,
Dar es Salaam