Kompyuta ya mwaka wa 1982: tafuta pane mbele ya kutafuta zahabu

Mwaka wa 1982 ulikuwa mwaka mukubwa kwa watu wa nyundo na chepe. Tarehe 5 mwezi wa 11, Serikali ya Zaïre ilitoa sheria ya kuruhusu raia kuchimba zahabu na almasi kwa mukono. Mbele ya hapo, mutu wa Lubero mwenye kukamatwa na unga wa zahabu mufukoni alihesabiwa kuwa mwizi. Mwaka ule ule, ku Marekani, kampuni ya Commodore ilianza kuuzisha kompyuta moja ya nyumbani, Commodore 64. Ni kibodi moja nene, rangi ya udongo, haina ekra yake: mwenyewe anaiunga na televizio ya nyumba. Ziliuzishwa zaidi ya milioni 10 mbele kampuni ianguke mwaka wa 1994.

Mashini moja ya namna hiyo ilifika Butembo katika sanduku la vitu vya okazio, pamoja na pasi na radio mbovu. Aliyeinunua ni papa mumoja anayefanya kazi ku Manguredjipa. Hakuipeleka kwa fundi ili itengenezwe. Negosian mumoja alimuambia kwamba ndani ya kompyuta za zamani muko zahabu, basi alitaka fundi amufungulie tu.

«Fundi, fungua, nitoshe zahabu yangu niende.»

«Papa, acha nipime kwanza. Zahabu haitakimbia.»

Tuwaambie ukweli, wasomaji wetu, juu hadithi hii inatembea sana katika makare. Zahabu iko, ndiyo. Lakini ni sawa rangi iliyopakwa juu ya shaba, kwenye meno ya kuungia, nyembamba kuliko unywele mara mingi. Ukivunja mashini moja utapata taka, hautapata hata kitu cha kuweka juu ya mizani. Mutu anayezoea kutosha gramu mbili kwa juma moja la kazi ngumu atacheka akiona. Na wale wanaounguza vibao ili wapate shaba wanatia sumu ndani ya kiwanja chao: bati ya kusudira ya wakati ule ilichanganywa na risasi, karibu sehemu 40 kwa 100. Risasi inaharibu ubongo wa mutoto mudogo, na haina dawa ya kurudisha kilichopotea. Mama anayepika pembeni ya moto ule, na mutoto mugongoni, njo anayelipa.

Turudi kwa meza ya fundi. Mashini ilikuwa na dalili moja: taa nyekundu inawaka, televizio inabaki nyeusi. Fundi wa haraka angefungua mara moja na kuanza kubadilisha vipande. Huyu hakuichomeka hata kidogo. Alichukua kwanza sanduku ya umeme, ile nzito inayokaa inje, akaipima peke yake na multimetere. Sanduku ile inatoa namna mbili za umeme: volti 5 zenye kutulia, na volti 9 zenye kwenda na kurudi. Kwa upande wa volti 5 alipata karibu 7.

Hapo njo pane ilipoanzia. Ndani ya sanduku muko kipande kinachoshikilia volti 5, na kampuni ilikifunika na gundi ngumu sawa jiwe, kwa hiyo kinakaa ndani ya moto wake miaka na miaka. Kikichoka, hakizimike, kinaacha umeme upite na nguvu. Taa inawaka vizuri, mwenyewe anafikiri sanduku ni muzima, kumbe inachoma mashini polepole. Ni sawa pompe ya maji ndani ya shimo: ikizima utaisikia, lakini ikisukuma zaidi ya kipimo, utajua siku mupira utakapopasuka. Kama volti zinapita 5 na robo, usiiunge. Hakuna mazungumzo.

Gundi ile haifunguke, basi fundi alitengeneza sanduku ingine. Kwa volti 5 alitumia kipande cha kushusha umeme wa batri ya panneau solaire, kinachovumilia amperi 2. Kwa volti 9 alitosha transfo ya radio ya zamani. Katikati akatia fizibo. Hapa kwetu, kwa grupe ya jirani inayopanda na kushuka usiku mzima, ile fizibo ni ya lazima.

Alipounga, televizio ikabaki nyeusi. Papa akaanza kuangalia saa yake. Fundi akazima, akafungua bisi tatu za chini, akawasha tena, akahesabu dakika moja, kisha akagusa vipande vyeusi kimoja kimoja na ncha ya kidole. Kompyuta hii ina memwari ya kilo-okteti 64, na inakaa ndani ya vipande 8 vilivyopangwa pamoja, kila kimoja na miguu 16. Vipande sita vilikuwa na joto kidogo. Viwili vilimuunguza.

Memwari njo inayokufa kwanza volti zikizidi. Na vipande vyote 8 vinabeba kila herufi pamoja, kila kimoja na sehemu yake ya moja kwa nane. Kimoja kikikufa, vingine saba vinafanya kazi ya bure. Wachimbaji wanajua jambo hili bila kusoma elektroniki: mutu mumoja akikosekana kwenye kamba ya kupandisha mifuko, kamba yote inasimama.

Vipande vya namna hii, namba 4164, havitengenezwi tena. Butembo havikupatikana. Vilipatikana Beni, kilometre zaidi ya 50 kwa barabara, kwa fundi anayechunga vibao vya kompyuta za ofisi za miaka ya 80. Mahali pengine wangemuita mukusanya takataka. Tangu mwaka wa 2014, barabara na mauaji vimefanya kila safari ya kule iwe na hesabu yake, kwa hiyo vipande viwili vilikuja ndani ya bahasha, kwa mukono wa shofa. Tunasema hivi ili musishangae bei ya kutengeneza ikipita bei ya kipande.

Kutosha kile cha zamani ni kazi ya subira. Ukivuta na nguvu, unangoa na njia ya shaba chini yake, na kibao kinakufa. Fundi alikata miguu yote 16 na kisu cha waya, akatosha kila muguu peke yake na chuma ya moto, akasafisha vitundu, akasudira kiti ili siku ingine kipande kitoke bila moto. Bati anayotumia inayeyuka kwa digri 183. Karibu nusu ya bati yote ya dunia inaenda kwa kazi hii ya kusudira, yaani kasiterite yenu, wasomaji, iko chini ya kila muguu wa kila mashini.

Hapa inafaa tuseme jambo linalotukera. Katika miaka ile nyumba za Ulaya zilikuwa zinajaa kompyuta, na kila moja ilibeba bati. Lakini mwezi wa 10 mwaka wa 1985, ku London, shirika la kimataifa lililoshikilia bei ya bati liliishiwa na pesa, na bei ikaanguka. SOMINKI, iliyoundwa mwaka wa 1976 kwa kuunganisha makampuni ya Kivu na Maniema, na ile MGL ambayo wazee wa Lubero wanaikumbuka ilikuwa ndani yake, haikusimama tena vizuri. Mushahara ulikatika huku kompyuta zikiendelea kuuzishwa. Koltani nayo ilifanya vile: bei ilipanda sana mwisho wa mwaka 2000, ikaanguka mwaka uliofuata.

Koltani inapatikana pia kwa meza hii, lakini kwa mashini zingine. Fungua kompyuta ya IBM ya mwaka wa 1981, utaona vitone vidogo vyenye miguu miwili, sawa punje ya haragi: ni kondansatere za tantali. Pane yao ni ya pekee. Zikizeeka zinaunga miguu yote miwili, umeme unapita bure, na mashini nzima inakataa kuwaka. Ingine inapasuka na mulio sawa baruti. Ili kuzipata, unazima umeme na kupima ohm: mahali panaposema sifuri kati ya volti 12 na masi, pale njo mugonjwa amelala. Na ukitia mupya, angalia alama ya kujumulisha; ukigeuza, itakupasukia machoni.

Vipande viwili vya Beni vilipoingia, televizio ilitoa rangi ya bluu na maandishi. Fundi alisoma kwanza namba moja: 38911. Mashini inajihesabu yenyewe ikiamuka, na namba ile ni hesabu ya nafasi iliyo wazi kwa kazi. Ikiwa ndogo kuliko ile, memwari ingali mubaya. Ilikuwa kamili.

Papa alilipa kazi ya kupima mbali, na kazi ya kutengeneza mbali. Tunashauri mufanye vilevile kwa telefone na televizio: muulize bei ya kupima mbele bisi ya kwanza ifunguliwe. Zahabu hakuizungumzia tena. Mutoto wake wa kidato cha pili, aliyekuja kubeba mashini, aliketi pale karibu saa mbili akiandika amri na kuona inavyojibu.

Kitu kimoja hakikupona. Sauti haitoke. Kipande cha muziki kina namba 6581. Fundi alipima kwa muguu wa 28 akapata volti 12, yaani umeme unafika, kipande chenyewe njo kimekufa. Ni miaka mingi hakuna anayekitengeneza tena. Ujumbe umetumwa Beni.