Mawazo ya Mwanagenzi Karakanani: Namna ya Kuyapokea na Kuyapima

Katika karakana za magari nchini, fundi mkongwe na mwanagenzi hufanya kazi bega kwa bega, na kila mmoja ana ujuzi ambao mwenzake hana. Mkongwe ameupata wake kwa miaka mingi ya kushika spana. Kijana anatoka chuoni akiwa amefundishwa kutumia vifaa vipya. Makala haya yanafafanua namna ya kuunganisha ujuzi huo bila kuhatarisha usalama wala fedha za mteja.

Mafunzo ya uanagenzi humwezesha kijana kugawa muda wake kati ya chuo na mahali pa kazi. Miongoni mwa taasisi zinazoyatekeleza ni Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 1994.

Chukulia gari la petroli ambalo taa ya injini imewaka na limepungua nguvu. Kwa mazoea, hubadilishwa plagi, kisha pampu, kisha sensa, huku mteja akilipia kila kipuri. Mwanagenzi anaweza kupendekeza mashine ya kusoma hitilafu iunganishwe kwanza. Ikionesha msimbo P0171, maana yake kompyuta ya gari imebaini mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko petroli.

Hata hivyo, msimbo huo hautaji kipuri kilichoharibika. Chanzo chaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa chafu ya hewa au pampu dhaifu. Hapo ndipo sikio la mkongwe, linalotambua mlio wa hewa inayovuja, linapookoa gharama. Mashine imepunguza maeneo ya kutafuta. Uzoefu umepata tatizo lenyewe.

Suala la afya lina uzito zaidi. Mwanagenzi anayehoji kwa nini vumbi la breki linapulizwa kwa kompresa asichukuliwe kuwa mjuaji. Baadhi ya pedi, hasa za zamani, zina asbesto, ambayo nyuzi zake zikivutwa huweza kusababisha saratani ya mapafu. Kufuta kwa kitambaa kilicholoweshwa maji hupunguza vumbi hilo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi dhidi ya madhara ya aina hiyo.

Si kila wazo jipya ni sahihi. Kwa hiyo, msimamizi anashauriwa kumsikiliza mwanagenzi hadi mwisho. Kulijaribu wazo kwenye kifaa kisicho cha mteja inapowezekana. Kulinganisha muda, gharama na ubora. Kisha kuandika matokeo na kumtaja aliyelitoa. Wazo likikataliwa, aelezwe sababu, kwani maelezo hayo nayo ni sehemu ya mafunzo. Kampuni ya Toyota ya Japani ilianzisha mfumo wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi mwaka 1951.

Kwa upande wao, mafundi waliojifunzia kazini wanaweza kufika katika chuo cha VETA kilicho karibu kupata maelezo ya utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa, huongezewa maarifa anayoyakosa na, akifaulu, hutunukiwa cheti. Ujuzi hauzeeki, lakini huhitaji kuongezewa.