Mwarobaini, Mti Mchungu wa Faida Nyingi

Ndugu zetu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hupanda karibu na nyumba zao mti mmoja wanaouita mwarobaini. Jina hilo ni hesabu: wazee walisema kwamba waponya magonjwa arobaini. Je, ni kweli? Leo twataka kuutazama vema, tujue mahali unapotufaa na mahali unapoweza kutudhuru. Maana mzazi ajuaye nusu tu ya dawa aweza kumdhuru mtoto wake, hali anampenda.

Mti wenyewe

Asili ya mwarobaini ni Bara Hindi na Myanma, na wahamiaji wa Kihindi ndio walioupeleka Afrika ya Mashariki. Wataalamu huuita Azadirachta indica. Hufikia urefu wa meta 15 hadi 20, hustahimili ukame, na hutoa kivuli kizuri. Maua yake ni madogo, meupe, yenye harufu nzuri; tunda likiiva huwa la manjano. Lakini haupendi baridi wala maji yanayotuama. Kwa hiyo wanaokaa juu katika milima ya Kivu wasishangae ukidumaa. Wa mabondeni penye joto wataupata vizuri zaidi.

Tusiuchanganye na ndugu yake, melia, upandwao mahali pengi kwa ajili ya kivuli na kuni. Maua ya melia yana rangi ya zambarau, na matunda yake ya duara hubaki mtini hata majani yakiisha kupukutika. Matunda hayo ni sumu. Wanafunzi, msiyachezee wala kuyatia kinywani!

Faida zake nyumbani na shambani

Mama wa nyumbani huyakausha majani ya mwarobaini kivulini, akayaweka katikati ya nguo na vitabu ili wadudu wasiviharibu. Wengine huyachanganya na mahindi au maharagwe ghalani kuwazuia fukusi. Kijiti chake hutafunwa kikawa mswaki. Na maji yaliyochemshwa na majani yake huogeshwa wenye upele. Katika Bara Hindi, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1992 ulihusu watu 814 wenye upele, waliopakwa majani ya mwarobaini yaliyosagwa pamoja na manjano. Katika kila watu 100, 97 walipona kwa muda wa siku 3 hadi 15.

Mkulima naye asiusahau. Mwaka 1959 mtaalamu Mjerumani wa wadudu, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudani nzige walipovamia. Waliila miti mingine, lakini mwarobaini ukabaki na majani yake. Mwaka 1968 wataalamu wa Uingereza wakatoa katika mbegu zake kitu kinachoitwa azadiraktini. Mdudu akikila hupoteza hamu ya chakula, na mtoto wa mdudu hushindwa kujivua ngozi ili akue. Mkulima aweza kutwanga gramu 500 za kokwa zilizomenywa, akazitia katika lita 10 za maji zilale usiku mmoja, akachuja, akanyunyizia mboga jioni. Dawa hiyo huharibika upesi juani. Itumiwe siku ile ile.

Mahali pa kuangalia sana

Sasa twafika kwenye jambo kubwa. Kwa sababu mwarobaini ni mchungu kama kinini, watu wengi hudhani kwamba nao ni dawa ya malaria, wakamnywesha mgonjwa siku tatu au nne kabla ya kumpeleka kwa mganga. Kinini hutoka katika gome la mti mwingine, msinkona, uliolimwa sana katika Kivu. Na hata gome hilo halikuwa dawa ya kutegemewa mpaka nguvu yake ilipopimwa. Katika maabara, maji ya majani ya mwarobaini yameonekana kuvidhuru vijidudu vya malaria. Lakini haijathibitishwa kwamba humponya mtu. Nchi yetu ya Kongo ni ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, na mtoto mdogo aweza kufa kwa homa hiyo siku moja au mbili tu. Kumcheleweshea tiba ni kuchezea uhai wake.

Tena mafuta ya mbegu za mwarobaini yasinywewe kamwe. Mwaka 1981 madaktari wa Malesia waliandika habari za watoto wachanga waliopewa mafuta hayo kwa maradhi madogo: walitapika, wakasinzia, wakashikwa na degedege, maini na ubongo vikadhurika. Mama mja mzito naye asinywe dawa yo yote ya mti huu, kwa kuwa yaweza kuharibu mimba.

Neno la mwisho

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kwamba dawa zitokazo ardhini ni zawadi ya Mungu, na chatuagiza pia kumheshimu mganga. Basi wazazi, tuyashike yote mawili. Tupande mwarobaini uani, tuweke majani yake ghalani, tunyunyizie mboga zetu. Lakini mtoto akishikwa na homa, hata ikiwa ni usiku, tumpeleke upesi dispanseri. Mti utatungoja uani; homa haitamngoja mtoto.