Ukoma si Laana



Huku Nachingwea na Ruangwa wagonjwa wa ukoma wapo bado, na wengine hufichwa ndani kwa kudhaniwa wamelaaniwa au wamerogwa. Sivyo. Ukoma huletwa na vijidudu, alivyovigundua Daktari Hansen wa Norwe mwaka 1873.

Dalili yake ni baka lisilowasha wala kuuma. Maganda ya korosho huunguza, nawe hulisikia jeraha; baka la ukoma huja kimya. Mgonjwa afumbe macho, mumguse hapo kwa unyoya wa kuku. Asipousikia, mleteni zahanati upesi, kabla vidole havijapinda.

Dawa hutolewa bila malipo: miezi 6 kwa mwenye mabaka yasiyozidi matano, miezi 12 kwa mwenye mengi zaidi. Muda mfupi baada ya kuanza dawa haambukizi tena. Basi ale na wenzake, alale nyumbani kwake. Lakini asiache dawa katikati.

Ganzi ya siku nyingi huweza kubaki hata vijidudu vikifa. Kwa hiyo ashike sufuria kwa kitambaa, avae viatu, na kila jioni atazame nyayo zake.

Yesu alinyosha mkono akamgusa mwenye ukoma, kisha akamtakasa. Huruma ya Mungu hupita pia mikononi mwetu. Tusali, na dawa tumeze. Aliyefichwa, mtoeni leo. Bado lipo tumaini.

Mungu awabariki.