Mbolea Hununuliwa Julai

Mwezi wa saba, hela inaonekana Chala, mkoani Rukwa. Mahindi yamevunwa na kupukuchuliwa, na magunia yanasubiri malori ya wanunuzi kwenye barabara ya Sumbawanga kwenda Namanyere. Ni wakati wa harusi, wa kununua bati, wa kumaliza madeni ya dukani. Mkulima akiulizwa wakati huo kama msimu ujao ataweka mbolea, hajiumi ulimi: ataweka. Mvua za Novemba zikishuka, si wote waliosema hivyo wanaokutwa na hela ya mfuko wa mbolea. Hapo majirani hutoa hukumu: mzembe yule, hana msimamo.

Watafiti wa uchumi wamelipima jambo hili kwa karibu, tena kwa wakulima wa mahindi. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio Busia, magharibi mwa Kenya. Katika mashamba ya wakulima wenyewe walipima mbolea ya kukuzia, nusu kijiko cha chai kwa kila shimo, wakaona kwamba kiasi hicho kidogo kinarudisha gharama na faida juu. Wakulima walioshiriki walijionea kwa macho. Karibu 98 katika kila 100 walisema watatumia mbolea msimu unaofuata. Waliotumia kweli walikuwa 37.

Tatizo halikuwa ujinga, maana somo walishalipata shambani kwao. Umaskini nao haukueleza yote, kwa kuwa mbolea ingeweza kununuliwa kwa kilo chache. Kilichowaponyoka ni ile miezi baina ya mavuno na kupanda. Akili ya binadamu huipa leo uzito kuliko inavyostahili: mahitaji ya leo yana sauti, ya miezi minne ijayo hayana. Kila siku mtu huona kwamba kununua mbolea kesho hakuna ubaya. Kesho ikifika, nayo ni leo, ina mahitaji yake.

Watafiti wakabadilisha hasa kitu kimoja, yaani wakati. Mara baada ya mavuno, mkulima akiwa bado na hela, walimfuata nyumbani wakamuuzia hati ya mbolea kwa bei ya kawaida, na kumwahidi kuletewa mbolea bure siku atakayoitaka. Idadi ya waliotumia mbolea ilipanda, karibu sawa na ilivyopanda pale bei ilipokatwa nusu nzima baadaye katika msimu. Mwaka 2019 Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa utafiti wa namna hii kuhusu umaskini.

Somo la majaribio hayo kwa anayetaka kutimiza lengo lolote ni zito. Tumezoea kudhani kuwajibika ni kuwa na moyo mgumu siku ya kishawishi. Majaribio yanaonyesha kwamba mwenye busara huimaliza kazi hiyo mapema, wakati uwezo bado uko mkononi. Wafipa wa zamani, wenyeji wa Rukwa, walilima kwa kanuni hiyo. Matuta yao ya duara, intumba, yaliinuliwa mvua ikielekea ukingoni na udongo ungali laini, majani yakifukiwa ndani yaoze. Msimu uliofuata matuta yalisambazwa na ulezi ukapandwa kwenye rutuba iliyokwisha andaliwa.

Je, katika kuamua huko mapema, mtu ajifunge mwenyewe au afungwe na wenzake? Mtafiti Pascaline Dupas na Robinson walilijaribu hilo magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Baadhi ya watu walipewa kibubu cha chuma na ufunguo wake, waweke akiba ya kununulia vitu vya afya kama chandarua. Kilisaidia. Wengine walipewa kibubu kama hicho, lakini ufunguo ukashikwa na mtu wa mradi hadi lengo litimie. Hicho hakikuongeza manunuzi hayo. Watu hawakupenda kufungia hela ambayo ingehitajika nyumba ikipata dharura. Kilichofanya vizuri zaidi ni mchango wa ziada ndani ya kikundi cha upatu: matumizi kwa vitu hivyo yaliongezeka zaidi ya maradufu.

Aliyewahi kukaa kwenye kikundi cha akiba cha VICOBA hatashangaa. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti. Hisa zinahesabiwa kwa sauti, kila mtu akisikia mwenzake ameleta ngapi, kisha zinaandikwa kwenye daftari lake. Mwaka 2016 mtafiti Benjamin Harkin na wenzake walikusanya majaribio 138 yenye washiriki karibu 20,000. Waliofuatilia hatua zao walifikia malengo zaidi, hasa pale hatua hizo zilipoandikwa au zilipotajwa mbele ya watu.

Haya yote yasigeuzwe fimbo ya kumchapia mkulima. Nidhamu haileti mvua, wala haimzuii mnunuzi anayedai lumbesa, gunia limevimba hadi shingoni na bei ni ileile ya gunia moja. Ruzuku ya mbolea iliyoanza Tanzania msimu wa 2022/2023 ni kukiri kwamba bei nayo ni kikwazo. Ila katika kile kilicho mikononi mwake, mkulima ana nafasi ya kuamua mapema.

Kwa hiyo kumuuliza kama ana nia ni kupoteza muda; nia anayo. Aulizwe: ni gunia lipi, siku gani, mbele ya nani? Gunia hilo likipakiwa, hela yake iende duka la pembejeo siku hiyohiyo, risiti ionyeshwe kikundini, na mfuko uwekwe juu ya chaga, pakavu, mbali na ukuta. Harusi itachangiwa kwa kitakachobaki.